Mwanamke Aliyenyamaza Kilambo

Hamisi, mjukuu wangu na mume pekee niliyebaki naye,

Huku Likombe mimi mzima, ila miguu inasumbua. Shangazi yako amehamia Masasi, siku hizi chai napika ya kikombe kimoja. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Unauliza kama ni dhambi kumrudisha mkimbizi aliyeshindwa kujieleza, maana hapo mpakani Kigoma mmeambiwa mjihadhari. Kujihadhari si kosa. Hata sisi tuliogopa, vita vilipokuwa Msumbiji, kwani wapelelezi walivuka mto pamoja na wenye shida.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, hapo Kilambo kando ya mto. Kila mwanamke aliyevuka aliulizwa jina lake, kijiji chake, na jina la baba wa mumewe. Mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, alijibu vizuri, lakini kwenye swali la mwisho aliinamisha kichwa. Akaulizwa tena. Kimya.

"Huyu katumwa," wazee wakasema, wakamrudisha kwenye mtumbwi.

Mimi nilijua. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, na kwao ni hivyo hivyo. Wazee nao walijua, ila hofu iliwasahaulisha. Nilisimama pale na ndoo yangu ya maji, nikanyamaza. Habari zake sikuzisikia tena.

Wewe uliza, ndiyo kazi yako. Ila anayenyamaza, mtafutie mwanamke wa kwao azungumze naye kwanza.

Aliyeuliza siku ile alikuwa baba mkwe wangu. Amekufa zamani, na jina lake sijalitamka hadi leo.

Bibi yako,
Somoe