Amplifaya Mpya ya Baba

6 Februari

Kwako binti yangu Kasuku,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kifua kimekuachia. Sisi hatujambo. Mama yako goti linamsumbua akiinama, ila ulimi wake hauna goti, unakwenda vizuri tu.

Najua uliniambia nipige simu. Simu hizi zinakwaruza, mwanangu. Unasikia nusu, nusu unajibunia. Afadhali barua.

Nina ombi. Unazikumbuka zile hedifoni kubwa walizonipa kazini nilipostaafu? Ni za watu wa studio, zinataka nguvu, na hii amplifaya yangu kuukuu haiziwezi. Naweka kanda, mwimbaji anaimba kama kafunikwa blanketi. Miaka thelathini na moja nimekaa nyuma ya kioo cha studio, namsikia mpaka msoma taarifa akimeza mate. Leo kanda nilizozirekodi mwenyewe zinanificha mambo. Kuna amplifaya ndogo zinazotengenezwa kwa ajili ya hedifoni tu. Huku hazipatikani. Ukipita madukani huko, nitazamie.

Mama yako ameniambia kitu kuhusu ombi hili, sikukipata sawasawa. Siku hizi anaongea chini kwa chini kama mwenye siri.

Ni mimi,
Baba

11 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, kifua kimepona. Kazi ni ile ile ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Mashine zinanguruma kutwa, tunazungumza kwa mikono kama mabubu.

Amplifaya nimeipata! Muuzaji ni mzee mwenye ndevu, mpole sana. Nilipomwambia baba yangu alikuwa fundi wa sauti redioni, alivuta kiti akanikalisha, akanivisha hedifoni. Baba, nilisikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi. Nilisikia mtu akivuta pumzi kabla ya kuimba. Nililia pale pale dukani, mzee wa watu akakimbilia kunitafutia karatasi ya kufutia machozi. Nikawaza, kumbe hiki ndicho Baba alichokuwa akikisikia miaka yote, na sisi tunampigia kelele azime aje ale.

Mwenzangu wa zamu anakuja likizo, atakuletea. Kwenye mzigo kuna viatu vya soli laini vya Mama, kwa ajili ya goti lake.

Mwanao,
Kasuku

20 Aprili

Kasuku wangu,

Hujambo mama? Sisi tupo, tunasukuma siku. Mzigo umefika. Viatu vimemkaa mama yako vizuri, anatembea navyo ndani kama bibi harusi.

Na amplifaya! Nimeifungua taratibu, nikaitenga peke yake juu ya rafu, mbali na redio isije ikavuma. Nilichomeka waya mwenyewe. Sauti imefunguka, nakushukuru sana. Ila upande wa kulia bado ni dhaifu, na kitufe cha sauti nimekizungusha mpaka mwisho wake. Nikashuku hedifoni zimechoka. Nikabeba kila kitu kwa fundi wa redio wa hapa mtaani. Akawasha, akazivaa, mara akazivua kama kaumwa na nyuki.

"Mzee, unataka kuniua?" akanipigia kelele.

"Nini?"

"Hii sauti! Umeiweka juu hivi ya nini?"

Nikamwambia hajui kusikiliza. Mafundi wa siku hizi ni wa kubadilisha betri tu. Ukimwona tena yule mzee wako mwenye ndevu, mwulize kama kuna yenye nguvu zaidi ya hii.

Ni mimi,
Baba

15 Mei

Shikamoo Baba,

Natumaini u mzima. Barua yako nimeisoma chumbani, nikaisoma tena kazini wakati wa chai. Nisamehe kwa nitakayoyasema.

Hedifoni si mbovu. Amplifaya si mbovu. Yule fundi alikwambia kweli.

Baba, nenda hospitali wakakupime masikio. Siku hizi kuna vifaa vidogo vya kusikilizia, havionekani hata kidogo. Na hiyo sauti ipunguze, tafadhali, isije ikamaliza kilichobaki. Najuta kuituma.

Jumapili nilizungumza na Mama kwenye simu. Anasema siku hizi hakuiti tena, anakufuata ulipo akuguse bega. Alisema huku anacheka, lakini mimi sikucheka. Mama anaishi peke yake ndani ya nyumba ile, Baba, hata ukiwa umekaa pembeni yake.

Mwanao anayekupenda,
Kasuku

2 Juni

Kwako binti yangu,

Barua nimeipata. Sisi wazima.

Masikio yangu hayana ugonjwa. Ndiyo yaliyokulisha na kukusomesha. Watu wazima walikuwa wakinyamaza studio nzima wakingoja niseme kama sauti ni safi au si safi. Leo mtoto niliyemzaa ananiambia mimi ni kiziwi, na mama yake anapeleka maneno.

Habari za hospitali usiniandikie tena.

Baba yako

9 Oktoba

Shikamoo Baba,

Nimefika salama, na kazini nimesharudi. Sijui unaendeleaje. Sijui hata unakula nini.

Siku zile za msiba wa Mama tulikaa nyumba moja, watu wamejaa, na hatukuzungumza. Nilikusikia tu ukiwaeleza wageni, mmoja baada ya mwingine, kwamba ulikwenda dukani kununua betri, ukarudi ukamkuta Mama kaanguka bafuni. Kila uliporudia nilitoka nje.

Jirani yetu mshonaji alinishika mkono siku ya maziko. Ameniambia mengi. Sitaki kuyasikia kwake tu. Kama una neno, Baba, niandikie.

Mwanao

1 Novemba

Kasuku, mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Leo naimaliza.

Sikwenda dukani. Nilikuwepo. Ilikuwa saa nne asubuhi, mama yako aliingia kuoga, mimi nikakaa kwenye kiti changu nikaweka kanda ya kwaya ya akina mama, ile niliyoirekodi mwaka uliozaliwa. Kitufe kilikuwa mwisho. Kutoka kwenye kiti mpaka mlango wa bafu ni hatua tisa. Nimezihesabu baadaye, sijui kwa nini.

Jirani alimsikia kupitia ukutani, juu ya mlio wa cherehani yake. Alibisha mlangoni, akazunguka nyuma, akaingia. Alinikuta nimefumba macho, napiga mapigo ya wimbo kwa mkono. Akanigusa bega. Nilidhani ni mama yako. Nikamwambia, "Subiri wimbo uishe, mke wangu."

Mama yako alikuwa ameita zaidi ya saa nzima. Jirani anasema sauti ilikuwa imeshamkauka.

Kuna jingine, na hili hata jirani halijui. Daktari alishanipima tangu Januari, kabla sijakuomba ile amplifaya. Alinionya kuhusu hedifoni. Aliniandikia vile vifaa unavyovisema. Karatasi yake niliikunja nikaificha, nikakuandikia wewe barua ya mashine. Niliona aibu. Nilijidanganya kwamba nikipata mashine nzuri nitarudi kuwa yule mtu. Usijute kuituma. Mwenye kosa ni mimi.

Na la mwisho. Siku ya pili hospitalini mama yako alifumbua macho, tukiwa wawili tu. Akanitazama, akaniambia kitu. Hakikuwa kirefu, maneno manne au matano. Niliona midomo ikienda. Sikusikia. Nikainamisha kichwa kama niliyesikia, naye akafumba macho, na hakuyafumbua tena. Kila siku naisogeza ile midomo kichwani, naweka neno hili, naweka lile. Huenda aliomba maji. Huenda alikutaja wewe.

Sikuombi kitu.

Baba

28 Desemba

Shikamoo Baba,

Barua yako niliipata wiki nne zilizopita. Ya kiti kile na kanda ile jirani alinieleza. Ya daktari sikuyajua. Ya midomo ya Mama sikuyajua, na ningekuwa na uwezo ningekurudishia nisiyajue.

Mwaka huu siji. Nimepanga na jirani awe anakupitia kila asubuhi na chakula. Hatapiga hodi, ataingia tu, kwa hiyo usishtuke ukimwona mtu mbele yako. Vile vifaa vya masikio nitakutafutia. Vivae. Sisemi hivi kwa hasira, au labda nasema kwa hasira, lakini vivae.

Lile neno unalolingoja, maana najua unalingoja ingawa umeandika huniombi kitu, nimelijaribu. Kabla ya karatasi hii kuna karatasi tatu nimezichana. Kila moja nililiandika, nikalisoma, nikalikata kwa kalamu. Sitaki kukutumia neno ambalo mkono wangu umeliandika na moyo wangu haulijui. Siku nitakayoliandika nisilikate, nitaliweka kwenye bahasha siku hiyo hiyo.

Kula, Baba. Funga madirisha, ni msimu wa mvua.

Mwanao