Kilemba Usoni Nikiosha Magari

Abdi mjukuu wangu, assalaamu aleikum. U mzima huko Nairobi? Nyanya yako anakusalimu.

Umeniuliza kama kuosha magari ya watu ni aibu. Nilipoianza kazi hiyo hapa Garissa nilifunika uso kwa kilemba, jamaa zetu wafuga ngamia wasinitambue. Siku moja mzee wa Wajir akaleta pikapu yake ya kubebea mbuzi. Niliisugua mpaka ikanukia sabuni.

“Wallahi, mbuzi wangu wataogopa kupanda!” akacheka. “Wewe mtoto wa nani?”

Nikakivuta kilemba hadi machoni. Kazi yangu inasifiwa, nami nalificha jina la baba kama mwizi! Haya ile inanichoma hata leo. Nikafungua kilemba, nikalitaja. Akanishika mkono uliojaa povu. Tangu hapo hakuoshewa gari na mwingine.

Nijibu upesi, mwanangu.