Simbilisi Watatu wa Buhare

Bunda,
10 Julai 2024

Shikamoo baba,

Habari za Musoma na kazi? Mimi huku shuleni ni mzima, mafua tu ya kawaida, na chakula ni kile kile unachokijua. Natumaini mgongo wako umepoa. Barua hii nimempa Clementi, kondakta jirani yetu wa Butiama, kwa sababu simu ya matroni tunaachiwa dakika tatu tu na mambo ya simbilisi hayaishi kwa dakika tatu.

Kwanza asante, baba. Uliposema utawachukua ukae nao chumbani kwako Buhare mpaka baridi ipite, moyo wangu ulitulia. Mama anawapenda, lakini anashinda shambani, na jioni yuko kwa bibi anayeumwa. Unakumbuka Unga alivyokufa mwaka jana. Nyasi zililowa, upepo ukapita chini ya mlango, asubuhi tukamkuta amejikunja kwenye kona. Hawa watatu waliobaki nilipewa na Mwalimu Yusto wakiwa wadogo kama ndimu. Sitaki kumzika mwingine.

Sanduku lisikae juu ya saruji. Liinue na matofali. Weka nyasi kavu nyingi, wajifukie mpaka masikio yasionekane, na zikilowa mkojo zitoe siku hiyo hiyo, maana baridi yao inaanziaga chini. Funika gunia pande tatu, upande wa nne uache wapumue. Jiko la mkaa usiingize chumbani hata baridi ikizidi, kwa ajili yao na kwa ajili yako pia. Mchicha ukaushe maji kabla ya kuwapa. Kila siku wapate kipande cha pilipili hoho, kwa sababu miili yao haitengenezi vitamini C, tumefundishwa kwenye biolojia. Na wasitenganishwe. Kiazi akiwa peke yake hali kitu.

Ukitoka kazini waite majina, hata kama utaona aibu. Mchele ndiye mweupe, Kiazi wa kahawia, Shangazi ni yule mnene mwenye sikio lililochanika.

Mama anakusalimu. Anauliza lini utakuja nyumbani, maana Juni ulikuja siku moja tu.

Mwanao,
Judith


Musoma,
17 Julai 2024

Mwanangu Judith,

Marahaba. Barua yako Clementi ameniletea mpaka karakana hapa Mwisenge, nimeisoma mbele ya mafundi wenzangu wakacheka kwamba nimegeuka yaya wa panya. Mimi sijambo, mgongo unauma nikiinama kupiga randa, nikisimama unaacha. Soma kwa bidii, hiyo ndiyo dawa yangu.

Watoto wako wako salama. Nimewatengenezea sanduku la mbao za mninga zilizobaki kwenye kitanda cha mteja. Lina vyumba viwili, juu wanalala, chini wanakula, na ngazi ndogo katikati. Chini ya nyasi wamewekewa vigodoro vya blanketi kuukuu, vimeshonewa kitenge juu, vinafuliwa kila siku ya pili na kuanikwa juani. Upepo wa ziwani ukivuma, wanapewa chupa ya maji ya moto iliyovikwa soksi, basi wote watatu wanailalia kama vifaranga. Shangazi amenenepa. Asubuhi wakisikia kisu kinakata hoho wanapiga miluzi mpaka nyumba nzima inaamka.

Mwambie mama kazi ni nyingi, wateja wanataka milango kabla ya Agosti. Nitakuja nikipata nafasi.

Baba yako


Bunda,
24 Julai 2024

Shikamoo baba,

Hujambo tena? Mimi mafua yamekwisha na nimechaguliwa timu ya netiboli, nacheza ulinzi.

Barua yako nimeisoma bwenini kwa sauti, wasichana wote wamewatamani Mchele na wenzake. Lucy, rafiki yangu wa huko Musoma, mtaa wa Iringo, amesema hata yeye hajawahi kulalia godoro lililoshonewa kitenge. Tumecheka sana. Lakini baba, wewe tangu lini unajua kushona? Kifungo cha shati mama ndiye anakushoneaga. Nimemsimulia mama kwa simu ya matroni akasema labda mjini mtu anajifunza.

Nina habari. Jumamosi tarehe 10 Agosti timu inakuja Musoma kwenye mechi. Mwalimu wetu amesema mwenye mzazi mjini atapewa saa mbili za kumtembelea. Nitakuja Buhare kukuona wewe na wao. Usinunue kitu, nataka tu kuwashika.

Mwanao,
Judith


Musoma,
31 Julai 2024

Mwanangu Judith,

Marahaba, na hongera kwa netiboli. Mimi mzima.

Tarehe 10 sitakuwepo. Nina kazi ya kupaua Bunda vijijini, nitalala huko huko siku tatu. Chumba kitakuwa kimefungwa. Usijisumbue kupanda bodaboda mpaka Buhare, kaa na wenzako, ushangilie timu. Simbilisi atawaangalia jirani. Hawana shida yoyote.

Tutaonana likizo.

Baba yako


Bunda,
11 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Sijui kama u mzima.

Jana tulishinda mechi, na bado nilikuwa na saa zangu mbili. Nilijua umesema haupo, lakini uliandika kwamba jirani anawaangalia, nikadhani huyo jirani ataniruhusu niwaone. Lucy akanisindikiza. Mzee Machibya mwenye nyumba alikuwa nje anaosha baiskeli. Nilipomwambia mimi ni mwanao alifurahi sana. Akaniambia chumba unacho lakini hukaagi, unapitia mara moja moja. Akasema bila hata kufikiri kwamba nikuulizie Iringo, kwa Mama Brenda. Lucy alilijua jina hilo. Ni jirani yao.

Ningerudi uwanjani ingekuwa afadhali. Lakini nilikwenda.

Sanduku lako la mninga nililiona kabla sijaona mtu. Lipo ukumbini, mbali na mlango, limeinuliwa na matofali na gunia limefunika pande tatu, kama nilivyoandika. Vigodoro vipo. Chupa yenye soksi ipo. Kitoto cha kike cha miaka mitano kilikuwa kimempakata Kiazi. Nikakiuliza huyo anaitwa nani, kikasema Pipi. Mchele anaitwa Keki. Kikasema baba amekinunulia sokoni siku ya kuzaliwa kwake. Nikauliza baba yupi, kikakuonyesha kwa kidole. Upo ukutani, baba, kwenye fremu, umevaa suti ambayo mama hajawahi kuiona.

Mama Brenda mwenyewe akatoka jikoni. Anaitwa Susana. Ni fundi cherehani, na mashine yake ipo dirishani, kwa hiyo sasa najua nani ameshona. Nilipotaja jina langu akanikumbatia. Alisema amekuwa akikuomba umlete Judith tangu mwaka juzi na wewe unasema mtoto bado ana uchungu. Akanikalisha, akanipa chai, akanishika mkono, akaniambia nisimwone kama mtu aliyekuja kuchukua nafasi ya marehemu mama yangu.

Nikamwambia, "Mama yangu hajafa. Yupo Butiama, anavuna mtama."

Hakupiga kelele wala hakulia. Aliniuliza mama anaitwa nani, nikasema Skolastika. Akaniuliza kama wewe na mama mlifunga ndoa kanisani, nikasema ndiyo, picha iko sebuleni kwetu. Akaondoka, akaizima redio, akarudi akakaa. Kisha akaniambia ninywe chai isipoe.

Uliingia wewe wakati naaga. Ulikuwa na mkate mkononi, na viatu vyako havikuwa na vumbi la Bunda vijijini. Uliniona. Ulisema "Karibu mgeni," baba. Ulinikaribisha kama mtu unayemwona mara ya kwanza, ukidhani bado sijasema kitu. Hilo ndilo linalonizuia kulala, kuliko ile fremu na kuliko Brenda.

Simbilisi sikuwachukua. Bwenini hawaruhusiwi, na kusema kweli hawajawahi kuwa na raha namna ile. Shangazi aliniita niliposogea. Nilimshika kidogo nikamrudisha kwenye joto.

Maelekezo yangu yote, kumbe nilikuwa namwandikia yeye. Ulikuwa unamsomea?

Judith


Musoma,
14 Agosti 2024

Mwanangu mpendwa Judith,

Marahaba. Naandika nikiwa si mzima wa moyo.

Nilikosa. Sikupanga iwe hivi. Nilipokuja Musoma kazi ilikuwa shida, na Susana alinisaidia nilipougua. Siku ya kwanza aliniuliza kuhusu mke, nikatamka neno moja la kijinga, na tangu hapo sikupata njia ya kulirudisha. Jumamosi nilipokuona akili ilikimbia. Neno la mgeni lilinitoka tu.

Barua zako hakusomewa. Nilimweleza maelekezo kwa mdomo, kama vile nayajua mwenyewe.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie mama yako. Bibi anaumwa, mavuno hayajaisha, habari kama hii inaweza kumwangusha. Niachie mimi, nitamwambia Desemba kwa utaratibu. Wewe ni mkubwa sasa, unaelewa. Ukininyamazia, simbilisi wote nitawarudisha nyumbani, na nitamwachia Brenda kilio chake.

Baba yako anayekupenda


Musoma,
24 Agosti 2024

Mwanangu Judith,

Hujambo? Sijapata jibu lako. Clementi anasema barua alikukabidhi mkononi.

Nipo Buhare. Susana alinitolea vitu nje siku tatu baada ya barua yangu. Nguo zilikuwa zimekunjwa vizuri, na simbilisi walikuwa ndani ya sanduku wakiwa wamelishwa. Alisema mtoto wake hawezi kulea wanyama wa mtoto mwingine. Vigodoro alivibakiza, amesema kitenge kilikuwa chake.

Hapa chumbani kuna ubaridi ambao sikuwa naujua. Dirisha lina kioo kilichovunjika, na upepo wa ziwa unaingia alfajiri. Niliweka nyasi, sikujua kama zilikuwa na umande. Niliwapa kabeji, wakaharisha. Juzi Mchele alianza kupiga chafya, akawa anapumua kwa tumbo. Nilimvika sweta langu nikamweka kifuani, lakini jana mchana aliacha kupumua. Nimemzika nyuma ya choo cha Mzee Machibya. Nisamehe.

Kiazi hali. Amegeukia ukuta. Shangazi anamlamba masikio. Barua yako ya kwanza niliiacha Iringo na sikumbuki ulichoandika, ila matofali. Niambie nifanye nini. Sasa sina wa kumwuliza.

Naomba unijibu hata kwa kuniudhi.

Baba yako


Bunda,
27 Agosti 2024

Toa nyasi zote. Anika mpya juani siku nzima, na jioni uzikamate mkononi. Zikiwa na ubaridi wowote, bado. Ziba dirisha kwa mbao, wewe ni seremala. Sanduku lisogeze ukuta wa ndani. Kata mikono ya lile sweta, waingie humo. Chemsha maji, tia kwenye chupa, zungushia kitambaa mara mbili, badilisha kabla hayajapoa. Usiwaogeshe.

Kabeji acha kabisa. Nyasi kavu tu kwa siku mbili, kisha hoho kidogo kidogo. Kiazi akikataa kula, saga nyasi na hoho na maji ya uvuguvugu, mpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, polepole asipaliwe. Kila baada ya saa mbili au tatu. Usiseme umechoka. Kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa mifugo, na ukisikia anakwaruza akipumua usingoje hata asubuhi.

Usimtoe Shangazi karibu yake.

Mchele alikuwa na miaka mitatu na miezi minne. Huwezi kujua, ndiyo maana nakuambia.

Jumapili tarehe 18 ilikuwa siku ya wazazi. Mama alikuja na viazi vya kuchemsha na sabuni. Aliniuliza kwa nini nimekonda. Barua yako ya kuniomba ninyamaze ilikuwa mfukoni, nikampa akaisoma mwenyewe mpaka mwisho, na lile neno la kijinga nikamweleza ni lipi. Hakuanguka kama ulivyosema ataanguka. Aliikunja, akanirudishia, akanimenyea kiazi. Tulikula. Alipokuwa anaondoka, pale getini, ndipo aliponiuliza jambo moja tu, ulisema yeye alikufa kwa ugonjwa gani. Sikumwuliza Susana.

Jumamosi tarehe 31 mama anakuja Buhare kuwachukua Kiazi na Shangazi. Ameshasafisha chumba changu na ameziba chini ya mlango. Atafika kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Usiende kazini, wala usimwachie Mzee Machibya funguo. Mama amesema swali lile atakuuliza wewe, na atakaa mpaka umjibu.

Judith