Gurudumu la Nyuma la Lori la Maji

Baba yangu,

Nna jambo nililokuficha, nawe umeondoka bila ya kulijua. Mara tatu nimeanza kuliandika nikachana karatasi. Leo nitalimaliza.

Sukari ilipokula macho yako, kwanza la kulia, halafu la pili, sote tulidhani na kuchora kumekwisha. Miaka yote ulichora magari ya zamani yaliyokwisha kutoweka barabarani: malori ya pua ndefu, teksi za taa za duara. Ulianza na kalamu ya risasi, ukapaka rangi za maji, kisha ukabandika vitu vya kweli juu yake. Bati la kopo la nyanya likawa boneti, mpira wa tyubu ukawa tairi, mchanga wa pwani ya Azaiba ukawa njia. Macho yalipokwenda uliacha rangi, ukabaki na mkasi na gundi. "Zuwena," uliniambia, "vidole vyangu vinaliona gari kuliko macho yalivyokuwa yakiliona." Nikawa nakupangia vikopo vyako mezani, bati kushoto, mpira kulia, usije ukavitafuta.

Gari la kwanza la upofu wako lilikuwa teksi. Taa moja ilikaa barabarani, gurudumu likapanda hadi dirishani. Mama akaitundika majlisi, chumba cha wageni, kama alivyozitundika zote. Wiki ile ndipo walipokuja wanawake kuniposa. Kahawa inapita, mmoja akaitazama picha, akamgusa mwenzake, wakacheka chini kwa chini. Mama hakuona. Mimi niliona, na niliaibika, Baba. Niliaibika kwa ajili yako.

Kisha ukaanza lile lori la maji, lori lako la kwanza wewe na Mama mlipohamia huku ng'ambo kutoka Unguja, ulilokuwa ukipelekea watu maji majumbani Matrah kabla ya maji ya mfereji kufika. Ulilifanya mwezi mzima. Siku moja ulinishika kidole ukakiweka kwenye kiti, nikahisi kitambaa. "Kanga ya mama yako hiyo. Kiti kilikuwa kikiwaka moto kwa jua, akiikunja mara nne ndipo akae." Ulicheka hata ukakohoa.

Gurudumu la nyuma ulilibandika juu mno, kiasi cha vidole viwili. Wale wanawake wa posa walikuwa wanarudi jioni ya Ijumaa. Ulipokwenda msikitini na jirani, nililing'oa kwa kisu, nikalishusha, nikalibandika upya na kufuta gundi kwa pamba. Wageni wakaja, wakanywa kahawa, lori likiwa mbele yao, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyelitazama.

Asubuhi yake ulipitisha mkono juu ya lori. Mkono ukasimama kwenye gurudumu.

"Nani kaligusa lori langu?"

"Hakuna mtu, Baba."

Ukapitisha mkono tena, pole pole, kutoka puani hadi nyuma. Halafu ukaiweka mikono yako yote miwili mapajani.

"Basi hata vidole vishaanza kunidanganya."

Nilikuwa nimesimama na kikombe chako cha chai. Neno moja tu lingetosha. Ukaniambia niondoe vikopo, nikaviondoa. Tangu siku ile hukushika tena mkasi, ukawa unakaa tu, umeelekeza uso ukutani. Madaktari wakaja wakakukata mguu kwa sukari ile ile, ikaja homa, na wewe ukenda na imani kwamba mikono yako imekutoka. Haikukutoka, Baba. Vidole vyako vilisema kweli. Mimi ndiye niliyekudanganya.

Nimeolewa. Nakaa Azaiba, na mume wangu ni mtu mwema. Baada ya eda Mama alitaka lori litiwe fremu, nikalipeleka Hamriya kwa Mutua, yule Mkenya mwenye duka la fremu aliyezitia fremu picha zako zote. Akaliinamisha penye mwanga wa mlango. "Pole dada," akasema, "lakini hili gurudumu si mzee aliyelibandika. Gundi yake huwa nyembamba. Hapa mtu amejaza tu." Nikamwomba aling'oe, alirudishe pale ulipoliweka wewe. Akakataa, akasema karatasi itapasuka. Nikaenda kuling'oa mwenyewe nyumbani kwenu Khuwair, mezani kwako. Karatasi ikapasuka mpaka kwenye ubao. Sasa gurudumu halikai tena, si pangu wala si pako.

Mama alinikuta nalia. Nikamweleza yote. Alikuwa na nguo zilizofuliwa mkononi, akaendelea kuzikunja. "Usiniombe radhi mie," akasema. "Uliyemkosea si mimi." Nikienda kumwamkia, anaitikia salamu tu. Haniambii nikae.

Lori hakulitaka tena. Liko kwangu, ukutani, na tundu lake. Wageni wakiuliza limepasuka vipi, mwanzo nilikuwa nasema liliumia tulipohama. Uongo mwengine. Jana akaniuliza jirani, nikamwambia: baba yangu alikuwa kipofu, alilitengeneza kama alivyotaka, nami nikaliharibu kwa kuona haya, kisha nikamwongopea mpaka akaacha kuchora. Akamaliza kahawa yake, akaaga.

Nakuahidi, Baba, kila atakayeuliza nitamjibu hivyo hivyo, na watoto wangu pia, Mungu akinijaalia. Sitaongeza, sitapunguza. Msamaha nnaoutaka ulikuwa wako, na mimi sitajipa mwenyewe.

Mola akurejeshee nuru huko uliko. Kwaheri, Baba.

Mwanao,
Zuwena