Ulimi wa Kumwachia Limbert

Bi Hortensia mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana chumvi nimekula nyingi ila akili bado sijashiba. Mimi napuliza fagoti katika okestra ya hapa La Paz, lile zumari refu kama bomba la jiko ambalo watu hulicheka kabla hawajalisikia, na hilo hilo nimewafundisha vijana tangu nilipoacha shule kwa kugombana na hesabu, na sasa nastaafu, kiti changu kinatafutiwa mtu, na wanaokitaka hupuliza nyuma ya pazia ili sisi majaji tusiwajue, nami kwa ujanja wangu nikamnong'oneza mpwa wangu Noelia, "Kabla hujaanza, puliza ulimi wa tete peke yake, kile kipande cha mdomoni, kwaa, kwaa, kama bata. Mjomba atakujua."

Basi akapuliza wa kwanza, nikapiga miayo, nikampa alama za chini kabisa. Wa pili akaja: kwaa, kwaa. Nikasema huyo ndiye, nampa zote hata akikohoa, kumbe alivyopuliza nilitokwa machozi nikasingizia mafua, na majaji wenzangu nao wakampa zote, na pazia lilipofunguliwa akatoka Limbert Yujra, mwanafunzi niliyemfukuza kwa kusema mbele ya watu kwamba noti yangu ya chini inanguruma kama lori linalopanda mlima wa kwenda El Alto.

Ile kwaa-kwaa ya kupasha ulimi moto nilimfundisha mwenyewe akiwa mdogo, nikasahau. Aliyenipigisha miayo ndiye Noelia. Hakulia kama bata hata kidogo. Nikamuuliza kulikoni, akacheka: "Mjomba, mama ndiye aliyenisukuma. Mimi nataka kufundisha watoto. Na kiti cha wizi kingenichoma makalio."

Sasa mama yake, dada yangu Primitiva, ananitaka nifichue hila ili majaribio yarudiwe, nami, aibu tupu, moyo umetulia hadi najishuku. Na kwetu anayestaafu humwachia mrithi ulimi aliouchonga mwenyewe, aanze nao kazi mbele ya watu, na safari hii ni Ijumaa. Nimechonga ndimi mbili: mmoja mtamu, mmoja una ufa usioonekana. Nimwachie upi?

Casiano Quisbert

Mzee Casiano,

Nimecheka, sasa nikukaripie. Ulikwenda kuiba, masikio yako yakakushika. Nenda kwa mwenyekiti wa majaji umweleze huo ujinga wa bata kabla dada yako hajaupeleka umetiwa pilipili. Kura yako ikitupwa, Limbert bado anashinda, basi hakuna cha kurudia. Primitiva mwachie Noelia, amweleze mwenyewe anachotaka, nawe ukae pembeni ule salteña yako, hiyo sambusa ya nyama, kimya kimya.

Moyo umetulia kwa sababu zumari limepata mtu, na mtu huyo umemlea wewe. Unajishukia nini? Ila ulimi wenye ufa uvunje leo hii, nakujua, usije ukakosea mfuko. Mwachie ule mtamu. Kisha kaa mbele, na akifika noti ya chini usikilize vizuri. Isiponguruma, mzee wangu, lori lilikuwa wewe.

Umechonga ndimi za watu maisha yako yote. Huo wako mwenyewe, Ijumaa, ufungulie maneno mawili tu, "Hongera, mwanangu," halafu uufunge.