Vidonge vya Siku ya Kliniki

Baba watoto,

Nimeenda kwa dada, nitarudi jioni. Maharage yapo jikoni, yapashe moto tu. ~~Chumvi iko nyuma ya~~ Basi, nimefuta, maana ungeifuata.

Asubuhi nikitaka kufua shati lako la kliniki, nikakuta vidonge vya presha mfukoni, karibu vyote. Kumbe unameza siku ya kupimwa tu ili daktari akusifu. Huko ni kufagia uwanja mgeni akiwa mlangoni. Nilipokuuliza, ukakimbilia kazini ukisema eti huumwi kichwa. Presha haipigi hodi, mume wangu.

Sasa viko kwenye kopo la majani ya chai. Meza kimoja kila asubuhi, ndipo uchemshe chai. Daktari anataka kukuona mara moja kwa mwezi. Mimi nataka kukuona kila siku.

Mama watoto