Mchezo Kwenye Ukumbi wa Harusi

Jumanne, 3 Juni

Nimeshona tangu asubuhi. Mishanana tu, yale mavazi ya Kinyarwanda ya harusi. Kiangazi kimeingia, kila mtu anaoa. Cherehani inalalamika na goti langu linaitikia.

Mchana akaja Fabrice, yule mwalimu kijana wa shule ya Gihundwe anayewafundisha vijana kuigiza. Kuna mtu amemwambia kwamba nilicheza maigizo Bukavu nikiwa msichana. Anataka kuuonyesha tena mchezo wetu wa zamani, ule wa mama anayekataa kufunga mlango. Na anataka mimi ndiye niwe mama, kama zamani.

Nikamwambia goti bovu. Akasema mama huyo hukaa kitini karibu mchezo mzima. Mjanja huyu.

Nimekubali. Nimeshaanza kujuta.

Alhamisi, 5 Juni

Sikufanya kazi vizuri. Mawazo yote yako ng'ambo ya mpaka, Kongo.

Ukumbi wetu wa Bukavu! Pazia jekundu, zito, lenye harufu ya vumbi na marashi ya watu. Kabla halijafunguliwa mtu aligonga sakafu kwa fimbo nyuma yake. Pa. Pa. Pa. Hapo hata wafanyabiashara wa dhahabu walinyamaza. Ukikohoa, shingo zote zinakugeukia. Wanaume walivaa suti. Mama zangu wadogo walianza kutengeneza nywele asubuhi kwa ajili ya onyesho la jioni. Na hakuna mtu asiyehusika aliyethubutu kupanda jukwaani. Jukwaa liliheshimiwa kama altare.

Siku hizi wanauza vitenge mle ndani.

Hapa Kamembe, upande wa Rwanda, hatuna ukumbi wa maigizo. Tuna kumbi za harusi. Fabrice amepata mmoja, Jumapili, kwa sababu Jumamosi una harusi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemwambia Solange. Mwanangu wa pekee. Alizaliwa nimeshaacha jukwaa, tumeshahamia huku. Anaimba kwaya kanisani kwao na hajawahi kuona mchezo hata mmoja.

"Maman, teatre ni mambo ya dunia. Tena ku umri yako? Bantu ba kanisa batasema nini?"

Nikamjibu watasema wanachotaka, ndiyo maana wakapewa midomo. Hakucheka. Akaondoka.

Nimeumia. Niseme wazi, maana humu hasomi mtu: Kamembe nzima ikikosa kuja, sijali. Namtaka yeye. Yeye anamjua mama wa cherehani na dawa za presha. Nataka anione mara moja tu nikiwa yule mwingine. Baada ya hapa sipandi tena jukwaani. Goti limeshaamua.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi. Maneno yamerudi yenyewe. Nilifungua mdomo, yakatoka, nikashtuka.

Vijana wanaongea na sakafu. Nikawafokea: "Ongea na ule wa nyuma kabisa!" Ndivyo tulivyofokewa sisi. Wananiogopa sasa. Raha tupu.

Mchezo wenyewe ni mwepesi. Binti amegombana na mama yake, ameondoka. Haandiki, harudi. Kila jioni majirani wanamsihi mama afunge mlango, wezi wapo, baridi ipo. Anakataa. Mwisho anabaki peke yake kitini, mlango wazi, haingii mtu. Pazia. Bukavu watu walitoka kimya, mkono mdomoni. Fabrice anasema mwisho huo usiguswe. Nami nasema hivyo.

Ijumaa, 13 Juni

Solange hajaja wala hajapiga simu. Nikamtumia ujumbe: Jumapili saa tisa, ule ukumbi wa barabara ya uwanja wa ndege.

Akajibu: Sawa Maman.

Sawa gani? Sawa ya kuja, au sawa ya kuninyamazisha? Nimekasirika hadi nikashona mkono wa blauzi nje ndani.

Jumapili, 15 Juni

Nimechoka. Lakini niandike.

Tulikuta mapambo ya harusi ya jana bado yapo. Viti vimevishwa vitambaa vyeupe, maua ya plastiki kila kona. Pale wanapokaa maharusi ndipo tulipoweka nyumba ya mama, na mlango wa mbao ambao Fabrice aliuazima kwa fundi. Watu wakajaa, Mungu asifiwe.

Niliomba tugonge mara tatu kama zamani. Pa. Pa. Pa.

Ukumbi mzima ukasimama! Vigelegele juu. Walidhani bibi harusi anaingia. Pazia likavutwa, wakaniona mimi, kizee nimekaa na kitenge kilichopauka. Walicheka hadi wakakaa wenyewe. Bukavu ningekufa kwa aibu. Leo nilibana mbavu nisicheke nao.

Kisha wakatulia. Mchezo ukashika. Na mimi nikafanya kosa ambalo mwongozaji wetu wa zamani angenifukuza kwa ajili yake: nilitafuta uso mmoja kati ya watu. Mstari kwa mstari. Solange hayupo.

Tukafika mwisho. Mlango wazi, mimi kitini. Machozi yakatoka, sikuyaita. Ukumbi kimya, kimya kile kile cha Bukavu. Nilikuwa nimesahau kwamba kimya kinaweza kuwa kitamu hivyo.

Mara nikasikia viatu. Solange, kumbe alikaa nyuma ya nguzo. Anapanda jukwaani na kitambaa chake cha kwaya kichwani. Kanisani kwao dada akilia mbele ya watu haachwi peke yake, lazima mtu aende kumshika. Naye akaja kunishika. Akapita mle mle mlangoni, akanifunika kitenge chake.

"Usilie, Maman. Niko hapa. Twende ku nyumba."

Watu wakalipuka. Makofi, vigelegele, vilio. Pembeni Fabrice kajishika kichwa. Mwisho wetu umekufa! Binti asiyerudi karudi.

Nilimkasirikia. Kabisa. Na nilikuwa nimemkumbatia kwa nguvu hivi kwamba pazia lilifungwa bado sijamwachia.

Jumatatu, 16 Juni

Solange alilala kwangu.

Asubuhi Fabrice kapiga simu. Wazazi wanamuuliza mchezo utarudiwa lini, na kama yule binti atakuwemo. Solange aliposikia akafunika uso kwa mikono. Jana, tukiwa tunakusanya vitu, vijana walimweleza kwamba machozi yangu yalikuwa sehemu ya mchezo.

"Unisamehe, Maman. Sikujuaka ni teatre tu. Niliona unalia kweli."

Fabrice amenisifu, vijana wamenisifu, kila mtu anasema naigiza vizuri. Ningeweza kunyamaza.

Nikamwambia nililia kweli. Nilikuwa namtafuta kwenye viti, sikumwona.

Halafu akauliza, zamani, kule Bukavu, nilikuwa namlilia nani.

Nikamwambia zamani nilikuwa msichana, sikuwa na wa kumlilia. Nilijifanya tu.

Chai ilikuwa imepoa. Tukainywa hivyo hivyo.